Kiungulia cha Mnadi wa Samaki

Wenzangu wa kliniki ya kifua, mliniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi kabla sijaisahau. Siku ya kuniaga mlisema maneno mengi mazuri, na nusu yake yalikuwa uongo mtupu. Mlisema sikuwahi kumpandishia mgonjwa sauti. Mimi, Kadzo, ambaye kazi yangu yote ilikuwa kupiga kelele! Basi nitaeleza mambo yalivyokuwa. Vyeo nitaviruka, havina utamu wa kusimulia, na mshahara mnaujua wenyewe.

Nilikuja kutoka Rabai nikiwa muuguzi kijana, nimezoea wodi ya wazazi, ambako mtu akipiga ukelele kila mmoja anafurahi. Kliniki ya kifua niliipata imejaa watu wanaokohoa kwa adabu, kila mmoja na leso yake. Mkubwa wetu alikuwa Bi. Salma, mzaliwa wa Mji wa Kale, mwembamba, buibui limepigwa pasi mpaka linakata. Alinitazama toka juu hadi chini, hakuuliza cheti wala nilikosomea.

"Waweza kupiga kelele?" akaniuliza.

"Naweza."

"Basi kazi umepata. Yaliyobaki tutafundishana."

Nilidhani ni mzaha, hadi aliponionyesha mashine ya kupuliza. Mnaijua: mgonjwa anavuta pumzi yote, anabana mdomo kwenye bomba, kisha anapuliza mpaka asibakiwe na kitu, nasi tunajua mapafu yake yana nafasi kiasi gani. Taabu ni kwamba mtu wa Mombasa amelelewa vizuri. Kumpulizia mwanamke usoni, mate yakiruka, anaona ni utovu wa adabu, kwa hiyo anapuliza kidogo, kama anayepoza chai ya mgeni. Bi. Salma alikuwa akisimama mbele yake na kumwimbia, "Puliza, puliza, puliza, bado, usiniachie hapo, ipo nyengine, itoe!" Daktari wa meno wa chumba cha pili alikuja kulalamika kwamba wagonjwa wake wakisikia hayo wanashuka kitini na kwenda zao. Bi. Salma alimjibu kwamba hao walikuwa wanatafuta sababu tu.

Kipimo cha kutembea kilikuwa balaa zaidi. Mgonjwa anatakiwa atembee ukumbini kwa muda maalumu bila kusimama, kibanio kidoleni, tuone oksijeni inashuka vipi. Sasa niambieni, ni mzee gani wa mji huu atampita mzee mwenziwe kwenye benchi bila kumwamkia? Na salamu zenyewe si neno moja. Atauliza hali yake, watoto, mke, yule aliyekuwa mgonjwa, yule aliyesafiri, na huku saa yangu inakwenda. Mwaka wangu wa kwanza nilipima tabia njema ya watu wengi sana, mapafu sikuyapima. Dawa yake niliipata mwenyewe: nilitangulia mbele ya mgonjwa nikiwaamkia wote kwa niaba yake, nikisema, "Huyu nyuma yangu anawasalimu, atarudi kuwauliza watoto." Vijana, bado inafaa, msiiache.

Jambo kubwa alilonifundisha Bi. Salma ni sauti ya kovu. Kuna ugonjwa ambao mapafu yanafanya kovu ndani, polepole, yanakauka na kuwa magumu, na kovu hilo halirudi nyuma. Alinipa stethoskopu yake, akaniweka mgongoni mwa bibi mmoja, chini kabisa ya mbavu, akasema, "Sikiliza anapovuta." Nikasikia mchakacho mdogo mdogo, kama unabandua ule utepe wa kunata wa viatu vya watoto. "Hiyo ukiisikia," akanambia tulipotoka nje, "usimwambie mgonjwa ni mafua. Na usikae kimya pia. Muulize anafanya kazi gani, anafuga ndege gani, anakula nini, na analala vipi."

Hilo la kula na kulala nililiona ni umbea wa Mji wa Kale. Kumbe lilikuwa na maana. Wengi wenye kovu hilo wana kiungulia vilevile. Lakini ukimuuliza mtu wa hapa kama ana kiungulia, atakwambia hana. Amekula mbaazi na mahamri asubuhi, biriani mchana, viazi vya karai na ukwaju jioni, kahawa chungu baada ya Isha, na kile kinachomchoma kifuani kila siku anakiona ni sehemu ya chakula. Bi. Salma hakuwa akiuliza kiungulia. Alikuwa akiuliza, "Una nini mfukoni?" Na kwenye kanzu zinatoka pakiti za vidonge vya kutafuna, zimeliwa nusu, pamoja na tasbihi na funguo.

Bi. Salma alistaafu akaniachia kiti, na miaka mingi baadaye akaja Daktari Wekesa, mrefu, mpole, mtu wa Bungoma, aliyeiogopa pilipili yetu kuliko maradhi. Yeye ndiye aliyenieleza vizuri. Asidi ya tumbo inapanda kooni mtu anapolala chali, matone madogo yanachungulia kwenye njia ya hewa na kuingia mapafuni, bila hata mwenyewe kujua, na huenda yakayachubua usiku baada ya usiku. "Huenda," alikuwa akisisitiza. Kwa sababu pia pafu gumu linavuta kwa nguvu zaidi, na huenda lenyewe ndilo linaloipandisha asidi. Nilimuuliza ni lipi linaloanza. Akasema wakubwa wake bado wanabishana, na yeye hangojei wamalize ndipo amwambie mgonjwa asilale na sahani ya pilau tumboni.

Nimezunguka sana, najua. Nilitaka kumfikia Mzee Swaleh.

Mzee Swaleh alikuwa mnadi wa samaki pale Liwatoni. Mashua zikifika, samaki wanapangwa sakafuni, wanunuzi wanazunguka, naye anaimba bei kwa sauti moja isiyokatika, akiipandisha kila mtu anaponyanyua kidole. Sheria yao ilikuwa nyepesi: anaponyamaza, bei imekatika, na samaki ni wa aliyenyanyua kidole mwisho. Hakuna nyundo wala kengele. Kimya chake ndicho kilichouza.

Sasa mtu huyu akapata kikohozi.

"Sista," alinambia siku ya kwanza, ameketi wima kama yuko mbele ya kadhi, "nikianza kuimba nguru, nakohoa. Nikikohoa, wale washenzi wasema nimenyamaza. Nguru mzima amekwenda kwa bei ya dagaa. Wenye mashua wanitazama kama mwizi. Yuko mnunuzi mmoja, akiona kidole chake ndicho cha mwisho, aja kunipulizia moshi wa sigara puani makusudi."

Alikuwa amekunywa dawa zote za kikohozi zilizoko Mwembe Tayari, tangawizi, asali, na habasoda. Wenye mashua walikuwa wameshaanza kuzungumza juu ya kijana mwenye kipaza sauti. Hilo lilimchoma kuliko kiungulia. "Mimi sijui kazi nyengine," akanambia. "Nikinyamazishwa, basi nizikeni."

Nikamweka kwenye mashine. Yeye peke yake katika miaka yangu yote hakuhitaji kelele. Alipuliza kwa moyo, lakini pumzi iliisha mapema mno. Nikamsikiliza mgongoni, nikasikia ule utepe wa viatu. Mfukoni mlikuwa na vidonge vya kutafuna vya rangi tatu. Picha ya kifua ilipotoka, Daktari Wekesa alimkalisha pamoja na wanawe wawili, maseremala wote, akawaeleza.

"Mapafu yako yanafanya kovu, Mzee."

"Kovu la nini, na mimi sikupigwa na mtu?"

Daktari akaeleza yote, taratibu. Kovu lililopo halitoki. Yako madawa ya kulipunguza mwendo, atapewa. Na hii asidi nayo tuizuie, kwa sababu anayo nyingi. Ale mapema, asilale mara baada ya kula, alalie ubavu wa kushoto, na kitanda kiinuliwe upande wa kichwa. Wale vijana waliposikia habari ya kitanda macho yaliwang'aa. Hatimaye ugonjwa wa baba umefika mahali pa randa na msumeno.

Vita vya kwanza vilikuwa vya chakula. Mkewe, Bi. Rukia, alinijia kliniki wiki ile ile, amejifunga leso kiunoni juu ya buibui, jambo ambalo si dalili ya amani.

"Sista, wataka nimlishe mume wangu magharibi, kama kuku?"

"Ndiyo, Mama. Kama kuku kabisa."

"Na wageni wakija baada ya Isha, ale nini mbele yao?"

"Awatazame."

Alinitazama mimi, akakaza fundo la leso. Kisha akasema kwamba katika nyumba yao hakuna mwanamume aliyewahi kutazama sahani, ila atajaribu kwa sababu usiku akikohoa hata ukuta unamsikia. Alikuwa ameshahamia chumba cha binti yake ili apate usingizi.

Vita vya pili nilivihofia zaidi. Mzee Swaleh tangu utoto alilalia ubavu wa kulia, kuelekea kibla, kama alivyofunzwa, na mimi Mkristo wa Rabai ndiye wa kumwambia ageuke. Nilijitafutia maneno siku nzima. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema atamuuliza imamu wake. Alirudi ametulia. "Imamu asema nianze ubavu wa kulia kwa nia, kisha nigeukie kushoto kwa maradhi. Asema yeye mwenyewe ana kiungulia, na angependa kujua ni vidonge gani." Nikamwandikia imamu miadi.

Basi tukasubiri nafuu. Haikuja. Alirudi kliniki amekonda, macho mekundu. Kikohozi cha mchana kilikuwa kilekile, na cha alfajiri kimekuwa kibaya zaidi. Alisema anaamka na uchungu mdomoni mpaka sikioni. Mashine ikaonyesha pumzi imeshuka tena. Daktari Wekesa aliiweka ile karatasi kando ya ile ya kwanza, na mimi niliogopa. Nilikuwa nimeshawaona wengine wakishuka ngazi hiyo, na nilijua inakwisha wapi.

"Anakunywa dawa?" akauliza.

"Anakunywa."

"Anakula mapema?"

"Mkewe anaapa."

"Kitanda kimeinuliwa?"

Wanawe wakajibu kwa pamoja kwamba kimeinuliwa vizuri sana, tuje tukaone wenyewe. Nikasema, haya, nitakuja.

Nyumba yao iko kichochoro kimoja nyuma ya Ndia Kuu. Nilipokelewa kama mkwe. Kabla ya kuonyeshwa kitanda ilibidi nile, maana Bi. Rukia alikuwa amekusudia kunithibitishia kwamba chakula chake hakijawahi kumdhuru mtu. Nilikula samaki wa kupaka, nikala mkate wa sinia, nikala na kile alichosema ni cha kuonja tu. Niliposimama nilikuwa na kiungulia changu mwenyewe, na nikaona si busara kukitaja.

Chumba kilikuwa chembamba na kirefu, na karibu chote kimejaa samadari, kile kitanda kikubwa cha kale chenye nguzo nne na ubao wa nakshi. Lazima niwasifu wale vijana. Chini ya miguu miwili ya upande wenye nakshi walikuwa wameweka vigogo vya mvule, vimepigwa randa, vimepakwa vanishi, vimechongwa vishimo ili miguu isiteleze. Sijaona kitanda kilichoinuliwa kwa heshima kama kile.

"Vizuri," nikasema. "Sasa Mzee, tafadhali lala, nikuone unavyolala."

Mzee Swaleh akaona haya. Kulala mbele ya mwanamke wa watu, mchana, na mkewe amesimama pale pale. Akatafuta kofia yake, akaivaa, akaivua.

"Lala," Bi. Rukia akamwambia. "Huyu keshausikia moyo wako, wamficha nini?"

Akapanda. Akajinyoosha. Na kichwa chake akakiweka upande wa pili, kule chini, kusikokuwa na nakshi. Miguu yake miwili, na soksi zake, ikapanda juu kuelekea darini.

 Mimi nilikuwa nimeshika nguzo ya kitanda ili nisianguke.

"Mzee," nikasema, "umelala hivi tangu lini?"

"Tangu walipokiinua." Sauti ilitoka kule chini imebanwa. "Taabu yake si ndogo, Sista. Nateremka, usiku naamka kichwa kimegonga ukuta. Lakini nilisema ndiyo dawa. Dawa gani isiyo na taabu?"

Ikajulikana yote. Samadari ile iliingizwa vipande vipande siku walipooana, ikafungwa mle ndani, na chumba hakina nafasi ya kuigeuza. Nakshi iliangukia upande usiofaa: ukiweka kichwa pale na kulalia kulia, unakipa kibla mgongo. Kwa hiyo tangu usiku wa kwanza wa ndoa bwana na bibi wakilala huhamishia mito upande wa pili, na hawakuona haja ya kuwatangazia watoto. Na huko, amegeukia kushoto kama tulivyomwelekeza, kichwa kiko chini na miguu juu, asidi ilikuwa inatelemka kifuani kama maji ya mfereji.

"Niliwambia," Bi. Rukia alisema, akiwatazama wanawe. "Nilisimama pale mlangoni nikawambia, babenu halali huko. Wakanambia, Mama, hii kazi ya mafundi, kichwani ni penye nakshi. Haya, mafundi, semeni."

 Fundi mkubwa alikuwa anavikagua vile vishimo vyake kwa makini sana.

Nilicheka, nisiwafiche. Nilicheka mpaka nikaketi sakafuni na sare yangu nyeupe, na Bi. Rukia akacheka, na Mzee Swaleh akacheka huko aliko mpaka akaanza kukohoa. Kikohozi kile kilitunyamazisha sote. Kilikuwa kirefu, kikavu, na alipokuwa anatafuta pumzi midomo ilikuwa imegeuka rangi. Tulimwinua kwa mabega tukamketisha. Wanawe hawakungoja kuambiwa; walinyanyua ile samadari, wakavihamisha vigogo, na yule mdogo alikuwa akilia huku anafanya kazi.

Baada ya hapo mambo yalibadilika, polepole. Uchungu wa mdomoni uliondoka kwanza. Kisha Bi. Rukia akarudi chumbani mwake, akanipasha habari hiyo kwenye simu kana kwamba anatangaza posa. Nilipomweka tena kwenye mashine nilimpigia kelele, ingawa hakuzihitaji. Pumzi haikuongezeka. Lakini haikushuka. Mara iliyofuata haikushuka pia. Nilimuuliza Daktari Wekesa kama ni kitanda. Akasema inaweza kuwa dawa, inaweza kuwa kitanda, inaweza kuwa kula magharibi kama kuku, na yeye haondoi hata kimoja ili ajue ni kipi.

Vijana, mkitaka somo, ni hili: usiulize kama kitanda kimeinuliwa. Mwambie mtu alale, utazame. Na anayelala naye muulize kabla ya fundi.

Wiki yangu ya mwisho kazini Mzee Swaleh aliniita Liwatoni. Sikuwahi kumwona kazini kwake. Sakafu ilikuwa na maji na magamba, mashua zimeshashusha, na wanunuzi wamesimama duara. Walikuwa wamezoea kungoja kikohozi chake. Niliwaona, vidole viko tayari, na yule wa sigara yuko mbele kabisa. Mzee akasimama juu ya kichanja cha mbao, akaletewa nguru mrefu kama mtoto wa shule, akaanza.

Jamani, ile sauti. Sikujua ina utamu ule. Ilipanda, ikazunguka, ikataja mtu kwa jina lake na kumtania babake, ikapanda tena. Mimi nilikuwa nahesabu pumzi zake kwa mazoea, nikajikuta nasema chinichini, puliza, puliza, bado. Yule wa sigara alinyanyua kidole akangoja. Akangoja. Sauti haikukatika. Ilimpita, ikaenda kwa mwengine, ikapanda ikafika pale mwenye mashua alipotaka, na hapo ndipo Mzee Swaleh akanyamaza, kwa kupenda mwenyewe.

Kisha akashuka, akaketi juu ya sanduku la barafu, kifua kikipanda na kushuka. Alinipungia mkono nisogee. Nilichutama mbele yake, nikamshika kidole kutazama rangi ya kucha.

"Sista, lile kovu bado liko?"

"Liko, Mzee."

"Litaondoka?"

"Haliondoki."

"Nimebakisha muda gani wa kuimba hivi?"

Ningeweza kumpa maneno mazuri kama yale mliyonipa ninyi siku ya kuniaga. Alikuwa amenikazia macho, na nyuma yake walikuwa wameshaleta tenga jengine.

"Sijui," nikamwambia. "Wallahi sijui, Mzee wangu."

Akatikisa kichwa taratibu, akajishika magoti, akasimama.

"Basi nipishe, mwanangu," akasema. "Samaki waharibika."